Muziki jukwaani, Dunia kwenye skrini: kuandaa onyesho la dakika 45 kwa picha za setelaiti

Maonyesho mengi ya namna hii hukwamia mahali pamoja: bendi inapiga yake, picha nazo zinapita zake. Baada ya dakika kumi watazamaji hawaangalii tena skrini. Njia inayoelezwa hapa ni kuipa kila picha zamu yake ndani ya ubeti, kiasi kwamba mwimbaji asipoimba, picha haisogei. Sharti la pili ni kwamba picha iseme kweli. Ukilinganisha picha mbili zisizolinganishika, mtu mmoja anayejua atasimama kwenye maswali na kuvunja kazi ya usiku mzima, na atakuwa na haki.

Vipimo vyote vifuatavyo ni vya uwanja wa wazi mahali popote pa mwambao, watazamaji 150 hadi 300, skrini ya mita 4 kwa 2.25, wanamuziki 5 hadi 8, waimbaji 12, fundi wa sauti mmoja na fundi wa picha mmoja. Anza maandalizi wiki sita kabla. Picha hula muda kuliko muziki.

Chagua mahali pawili tu

Dakika 45 hazibebi zaidi ya hapo. Mfano wetu ni delta ya Rufiji na kilele cha Kibo, Kilimanjaro. Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, na upande wake wa kaskazini sehemu za msitu zimekatwa kupisha mashamba ya mpunga. Kibo kuna barafu iliyopimwa kwa zaidi ya miaka mia. Mahali pamoja pako kwenye maji, pa pili juu ya mlima, na rangi zake kwenye skrini hazifanani, kwa hiyo macho hayachoki.

Gawa muda hivi: kushuka kutoka angani dakika 6, Rufiji 15, Kibo 9, hewa ya ukaa kwa marimba 5, na dakika 10 za mwisho ngoma bila picha yoyote, watu wacheze.

Ukienda na Rufiji, kaa kwanza na wanakijiji wa huko au watu wanaotoka huko. Mkulima wa mpunga si adui wa onyesho lako. Ukimwonyesha hivyo, umepotosha habari, na umewapoteza watu ambao ndio wanaoishi na mikoko hiyo.

Kupata picha

Picha za Landsat, setelaiti za Marekani, zinapatikana bure tangu 2008 kwenye tovuti ya EarthExplorer ya USGS, idara ya jiolojia ya huko, na hazina yake inaanzia 1972. Za Sentinel-2, setelaiti za Ulaya, zinaanzia 2015, nazo ni bure kwenye tovuti ya Copernicus Browser. Zote mbili zinahitaji kujisajili. Tovuti ya NASA Worldview haihitaji hata hilo, na inafaa kwa picha za eneo pana.

Landsat ina pikseli ya mita 30, Sentinel-2 ya mita 10. Kwa skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu moja ya Sentinel inameza eneo la kilomita 19 kwa 11, na ya Landsat kilomita 58 kwa 32. Kumbuka namba hizi unapochagua mahali. Ukiikuza picha zaidi ya mara 3 ya hapo, watu wataona miraba tu.

Mambo manne huwaharibia wengi kazi hapa.

La kwanza ni mistari myeusi. Kifaa kimoja cha Landsat 7 kiliharibika tarehe 31 Mei 2003, na tangu siku hiyo kila picha yake ina mistari mitupu, hasa kando kando. Usijaribu kuiziba kwa programu. Tumia Landsat 5 hadi 2011, kisha Landsat 8 kuanzia 2013. Kwa Afrika Mashariki, picha safi za miaka kati ya 1985 na 1999 ni chache, hivyo panga simulizi yako kwa zile zilizopo.

La pili ni mawingu. Tafuta picha zenye mawingu chini ya asilimia 10, lakini usiiamini namba peke yake: asilimia hiyo ni ya picha nzima, na wingu dogo huenda limeketi juu ya mahali pako hasa. Fungua kila moja kwa macho.

La tatu ni maji kujaa na kupwa, na hili karibu hakuna anayelikumbuka. Picha ya delta wakati wa maji kujaa huonyesha mikoko michache kuliko ya maji kupwa, ingawa hakuna mti uliokatwa. Setelaiti hizi hupita kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Pwani ya Zanzibar na Dar es Salaam, siku za bamvua, bahari huwa imekupwa saa hizo hizo. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Kwa hiyo chagua picha zote za siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, moja au mbili mbele. Kalenda ya mwezi inatosha.

La nne ni theluji ya msimu. Baada ya masika na vuli Kibo hufunikwa na theluji ya siku chache, na picha ya Mei itaonyesha barafu tele ambayo haipo. Tumia picha za Agosti hadi Oktoba peke yake.

Haki za matumizi ni nyepesi. Picha za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki, ila nembo yake usiiweke kwenye bango. Kwa Sentinel andika kwenye kipeperushi kwamba onyesho lina data za Copernicus Sentinel zilizofanyiwa kazi, pamoja na mwaka wa picha. Muziki wa watu wengine ni habari nyingine: uliza kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki (Zanzibar ni COSOZA), na kibali cha onyesho Tanzania Bara ni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mbali na serikali ya mtaa na polisi.

Kuzifanya picha zilinganike

Kazi hii inafanyika kwa QGIS, programu ya bure ya ramani. Weka mradi kwenye mfumo wa vipimo vya ramani uitwao UTM 37 Kusini, ambao una namba 32737. Landsat ina tabia yake: picha za kusini mwa ikweta hutolewa kwa UTM ya kaskazini, namba 32637, zikiwa na namba hasi. QGIS inajua kuzigeuza. Programu ya kawaida ya kuhariri picha haijui, na ukizipanga huko utahangaika siku nzima.

Kwa rangi za kawaida mikoko na maji vyote huonekana vyeusi, na kwenye skrini ya usiku vitapotea kabisa. Tumia rangi bandia zenye mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni. Kila picha ya setelaiti ina matabaka ya mwanga yaitwayo bendi (si ya wanamuziki), na matatu huwekwa kwenye nyekundu, kijani na buluu: kwa Sentinel-2 bendi 8, 4, 3, kwa Landsat 8 bendi 5, 4, 3, kwa Landsat 5 bendi 4, 3, 2. Mikoko itakuwa nyekundu iliyoiva, mashamba ya mpunga mekundu mepesi au ya kijivu, maji meusi. Waeleze watazamaji hilo mapema, sentensi moja tu, ama sivyo watadhani msitu unaungua. Kwa Kibo tumia bendi 12, 8A, 4 za Sentinel-2: barafu inakuwa ya samawati na mawingu yanabaki meupe, kwa hiyo hakuna wa kuvichanganya.

Kisha weka kiwango kimoja cha mwanga kwa picha zote. QGIS, ukiiacha, hurekebisha kila picha kivyake, na hapo mabadiliko yanayoonekana ni ya kompyuta tu. Weka namba za chini na za juu kwa mkono, zile zile kwa kila mwaka. Namba zenyewe za Landsat na Sentinel hazifanani, kwa hiyo zigeuze kwanza ziwe kipimo kimoja cha mwanga unaorudi kutoka ardhini. Na ikiwa picha ya zamani ni Landsat na mpya ni Sentinel, ishushe ile ya Sentinel iwe ya mita 30. Picha kali kando ya picha hafifu humfanya mtu aone msitu “umeongezeka majani”.

Mwisho ongeza mwanga wa kati, gama ya 1.2 hadi 1.4. Skrini ya nje humeza vivuli, na picha inayopendeza kwenye kompyuta huwa nzito usiku.

Kwa Rufiji picha 6 zinatosha: usitafute zaidi.

Kushuka kutoka angani kwa mizani

Anza na picha ya Dunia nzima waliyoipiga wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972. Afrika iko wazi kutoka juu hadi chini, na Madagaska. Kwa watazamaji wa mwambao haina mfano, kwa sababu nyumbani kwao kupo katikati ya simulizi tangu mwanzo. Awali picha ilipigwa kusini kukiwa juu. Ile inayojulikana imegeuzwa. Kama onyesho liko upande wa Malindi, ongeza jambo ambalo wengi wa huko hawalijui: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini la San Marco karibu na Ngomeni, ilirushwa setelaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani.

Sasa hesabu. Dunia ina kipenyo cha kilomita 12,742. Fremu yako ya mwisho ina kimo cha kilomita 12 hivi. Tofauti ni karibu mara 1,000, yaani kuikuza picha mara mbili kwa awamu 10. Kuza kwa mwendo wa kuzidisha, kamwe si wa kujumlisha: ukijumlisha, picha itaonekana imesimama kwa nusu ya kwanza, halafu ianguke ghafla.

Hapa shairi linaokoa kazi. Kipande cha ushairi wa tarbia kina mizani 8. Ubeti wa mishororo 4 una vipande 8, na ukirudia kibwagizo unapata 10. Awamu 10, vipande 10, kila mizani pigo moja. Kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika, mapigo 80 huchukua sekunde 53. Mfano wa ubeti unaofuata mwendo wa picha:

Tazama toka angani, bahari yazungukia,
Mto washuka bondeni, vijito wajigawia,
Mikoko ya ufukweni, kijani ilotulia,
Shuka hadi kijijini, upate kuangalia.

Picha moja haiwezi kubeba awamu zote. Awamu 1 na 2 ni ya Apollo, ya 3 hadi 5 ni ya Worldview, ya 6 na 7 ni Landsat, ya 8 hadi 10 ni Sentinel. Acha rangi za kawaida hadi awamu ya 8, ndipo infraredi iingie. Kila mpaka ufunikwe kwa mchanganyiko wa mapigo 2, vinginevyo mawingu yataruka.

Tengeneza kipande hiki kama video kwa programu ya Kdenlive au Blender, na tumia njia mbili za sauti ya video: kushoto weka mlio wa kuhesabu mapigo, kulia acha kimya. Kebo ya kushoto inaenda kwenye spika za masikioni za mpiga ngoma peke yake. Mlio uanze mapigo 8 kabla ya picha kusogea. Bila hivyo bendi itakimbia, na kwa hakika itakimbia, maana watu wakishangilia ngoma huongeza kasi. Sekunde 3 za tofauti zinatosha kijiji kutokea wakati mwimbaji bado yuko mtoni.

Sehemu nyingine zote za onyesho zitumie picha zisizosogea, zinazobadilishwa kwa mkono kwenye programu ya OBS Studio, kila picha na kitufe chake. Mwimbaji apumue anavyotaka. Fundi wa picha anamfuata yeye, akisikiliza neno la mwisho la ubeti. Fundi huyo lazima ajue mashairi kwa moyo. Mpe kijana anayependa kuimba kuliko anayependa kompyuta.

Kwenye Rufiji, majina ya miti yenyewe ni wimbo tosha: mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mkomafi, msikundazi. Ubeti mmoja kwa kila mti, picha moja kwa kila ubeti.

Takwimu ziwe sauti

Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kilomita za mraba 12 mwaka 1912, 6.7 mwaka 1953, 4.2 mwaka 1976, 3.3 mwaka 1989, na 1.85 mwaka 2007. Waimbaji 12 wasimame mbele ya skrini, kila mmoja kilomita moja ya mraba. Beti tano, wimbo ule ule, sauti ile ile. Ubeti wa kwanza waimbe wote 12, ubeti wa pili 7, wa tatu 4, wa nne 3, wa tano 2. Wanaonyamaza wabaki wamesimama. Mwongozaji wa kwaya asiwaruhusu wawili wa mwisho kuongeza nguvu ili “kusaidia”. Udhaifu wa sauti ndio takwimu yenyewe.

Mwaka 1912 hakukuwa na setelaiti. Onyesha mchoro wa mstari mweupe juu ya weusi kutoka kwenye ramani, na picha halisi ziingie pale tu zilipo. Na maelezo yawe sahihi: barafu ya Kibo haijapungua kwa joto pekee. Hewa ya mlimani imekuwa kavu tangu mwisho wa karne ya 19, theluji mpya ni kidogo, na barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji.

Kwa marimba, chukua wastani wa hewa ya ukaa uliopimwa Mauna Loa, Hawaii, kwa sehemu katika milioni: 317 mwaka 1960, 326 mwaka 1970, 339 mwaka 1980, 354 mwaka 1990, 370 mwaka 2000, 390 mwaka 2010, 414 mwaka 2020. Tumia ngazi ya noti tano: do, re, mi, so, la. Oktavu mbili zina hatua 10 kutoka do ya chini hadi do ya juu kabisa. Toa 317 kwenye kila namba, gawa kwa 97, zidisha kwa 10, kisha kadiria kwa namba nzima. Zinatoka 0, 1, 2, 4, 5, 8, 10. Kwa noti ni do, re, mi, la, do ya pili, so ya pili, do ya tatu. Mpigaji aichukue kama kiini, aizungushe dakika 5, bendi ijibu. Mruko mkubwa wa noti unaangukia kati ya 2000 na 2010 kwa sababu ya kukadiria, ingawa kwa takwimu zenyewe ongezeko kubwa ni la 2010 hadi 2020. Usiulainishe hata kama mpigaji anaona ni mbaya masikioni.

Skrini, mwanga na upepo

Kitambaa cheupe cha pamba kizito, kilichovutwa kwenye fremu ya mabomba, kinatosha. Chini ya skrini iwe mita 1.2 kutoka sakafu ili waimbaji wasizibe picha. Projekta ya lumeni 5,000 kwenye skrini ya mita za mraba 9 inatoa karibu luksi 550, ambazo zinatosha usiku. Lumeni 3,000 zinatosha kama hakuna taa ya barabarani karibu. Umbali hupatikana kwa kuzidisha upana wa skrini kwa uwiano wa lenzi: uwiano 1.5 kwa mita 4 ni mita 6. Usirekebishe upotofu wa picha kwa kitufe cha projekta; kinakula pikseli na mwanga. Inua projekta yenyewe.

Adui wa picha ni taa za jukwaa. Luksi 25 tu zikimwagikia skrini, weusi wote unakuwa kijivu na delta inapotea. Weka taa pembeni, kimo cha kifua, ziwapige wanamuziki kwa ubavu, bila taa yoyote ya mbele.

Upepo wa mita 10 kwa sekunde husukuma skrini hii kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima. Funga kamba au mabomba manne, mawili mbele na mawili nyuma, kila moja limetoka mita 2 na kushikwa na mchanga wa kilo 60. Miti midogo ikianza kuyumba, shusha skrini na muendelee na muziki mtupu. Miezi ya kusi, chagua uwanja uliokingwa na jengo upande wa kusini.

Ufukweni ambako kasa hutaga, usielekeze mwanga wowote baharini, na zima kila kitu mkimaliza. Vifaranga wa kasa hufuata mwanga, na taa ya jukwaa huwapeleka nchi kavu.

Umeme

Projekta ya leza wati 350, spika mbili 300, mikisa 50, kompyuta 65, taa nne 240, ampu za gitaa na kinanda 100: jumla karibu wati 1,100. Pamoja na majaribio ya sauti, saa mbili na nusu, unahitaji kilowati-saa 2.75, na 3 ukihesabu kinachopotea kwenye inveta. Betri moja ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 200 inabeba vizuri. Kwa betri za asidi za volti 12 na ampea-saa 200 zinahitajika tatu, kwa kuwa hazipaswi kushuka chini ya nusu. Inveta iwe ya wati 2,000 ya wimbi safi. Zile za bei rahisi hutia mlio kwenye spika. Jenereta ni rahisi zaidi kuipata, lakini mngurumo wake chini ya wimbo wa mikoko utachekwa, na sawa.

Siku yenyewe

Projekta ijaribiwe usiku wa kuamkia siku ya onyesho, kwa sababu mchana hakuna kinachoonekana. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni, na giza linalofaa picha ni saa 1:30 usiku. Anzeni kwa ngoma saa 1:00, picha ya Dunia iingie 1:30. Watu wakishaona picha hafifu ya kwanza hawaisamehe.

Muungurumo wa chini kwenye spika punde kompyuta inapounganishwa hutokana na kompyuta na mikisa kuchomekwa mahali tofauti. Chomeka pamoja kwenye ubao mmoja wa soketi. Ukiendelea, weka kisanduku cha DI (kiunganishi cha sauti) chenye transfoma kati yao, au chomoa chaja na kompyuta iende kwa betri yake.

Zima kilinda-skrini, masasisho, na intaneti yote kwenye kompyuta. Picha na video zote ziwe ndani ya diski, na nakala kwenye kompyuta ya pili iliyokwisha kuwashwa. Picha ikikatika katikati ya ubeti, bendi isisimame: mpiga ngoma azungushe kibwagizo, fundi abadilishe kebo, na aingie tena mwanzoni mwa ubeti unaofuata, si katikati.